Somo Wawili Mbele ya Karani

Katika nyumba nyingi za pwani huwamo watoto wawili walioitwa kwa jina la babu mmoja, nao huitana somo, wala hapana anayeliona jambo hilo kuwa taabu, kwani bibi akiita "Hamisi!" na wote wawili wakaja mbio, humtuma yule aliyemkusudia na mwenziwe akarudi mchezoni. Lakini siku watakaposimama mbele ya kadhi kudai mafungu yao ya mirathi, karani hataandika "Hamisi" kisha akanyamaza. Ataandika Hamisi bin Ali na Hamisi bin Juma, na wakilingana hata hapo atapanda mpaka kwa babu, maana anajua ya kuwa jina moja likisimama badala ya watu wawili katika hati, haki ya mmojawapo imekwisha kuingia hatarini kabla wino haujakauka.

Mimi niliyeianza kazi ya ukarani kwa daftari na kalamu, na kuja kuiona hifadhidata nikiwa mtu mzima, nimeikuta kesi hii ya somo wawili ikisikilizwa upya ndani ya kompyuta, nami naiona yastahili kujadiliwa na kila ambaye jina lake limo katika daftari la ushirika, la zahanati au la shule, yaani na sisi sote.

Wanaotengeneza programu za tovuti siku hizi aghalabu hawaziandiki amri za hifadhidata moja baada ya moja, bali hutumia kiunzi kilichokwisha kutengenezwa, na kimojawapo kilichoenea sana ni Django, ambacho asili yake ni chumba cha habari cha gazeti moja la mji wa Lawrence, Kansas, huko Marekani, na kilitolewa kwa umma mwaka 2005. Humo kila aina ya kitu huelezwa kwa modeli, modeli hupewa jedwali lake, na kila habari moja ndani ya jedwali huwekwa katika uga wenye jina. Modeli yaweza kuirithi nyingine: ukiwa na modeli ya Mtu, yenye jina na tarehe ya kuzaliwa, waweza kuunda modeli ya Mwanachama inayoirithi, ukaongeza yale tu yanayomhusu mwanachama, ilhali yale ya Mtu hubaki katika jedwali la Mtu, na mstari wa hapa ukafungamanishwa na mstari wa kule.

Sasa na tuseme ya kwamba modeli ya Mtu ina uga uitwao namba, maana yake namba ya kitambulisho cha taifa, na mtengenezaji akataka kumpa Mwanachama naye uga uitwao namba, maana yake namba ya uanachama. Python, lugha ambayo Django imeandikwa kwayo, katika mambo yake ya kawaida haioni shida hapo, kwani mtoto huruhusiwa kulifunika jina la mzazi. Django hukataa, tena hukataa mapema, programu ikiwa haijafika hata kusimama, na hutamka waziwazi ni uga gani uliogongana na uga wa mzazi yupi. Sababu yake ni dhahiri kwa aliyewahi kushika daftari: majedwali ni mawili na safu ni mbili, zote zingali hai, na anapoandikishwa mwanachama mpya ikasemwa "namba yake ni hii", hapana awezaye kuhukumu ni safu ipi ijazwe, wala, habari hizo zikitolewa kupelekwa kwingine, ni namba ipi iliyokusudiwa.

Wapo vijana hodari wa kazi hii ambao huuona ukali huo kuwa ni kero, nao husema kwamba lugha ikiwa imeruhusu, kiunzi hakina haki ya kukataza. Hoja yao naiheshimu, lakini siikubali, kwani kitu kinachofunikwa katika kumbukumbu ya programu huondoka programu izimwapo, ilhali kilichokwisha kuandikwa katika jedwali hukaa miaka, na husomwa na watu wasiomjua aliyekiandika.

Niliwahi kushiriki katika kazi ya ushirika mmoja wa wakulima ambao programu yake ilipatwa na mgongano huo huo. Mtengenezaji alipokataliwa na kiunzi, hakukaa akajiuliza namba hizi mbili ni namba za nini. Aliongeza tarakimu tu, wa pili akauita namba2, kiunzi kikaridhika, naye akaenda zake. Kwenye skrini nyuga zote mbili ziliandikwa "Namba", moja chini ya nyingine, na makarani wakazijaza kila mmoja kwa ufahamu wake. Ulipofika wakati wa malipo, orodha ilitoka na namba za vitambulisho mahali pa namba za uanachama kwa baadhi ya watu, na wazee waliokuwa wametoka kwao alfajiri wakaambiwa dirishani kwamba hawamo. Kiunzi kilikuwa kimesema kweli tangu siku ya kwanza, na kweli hiyo ilizibwa mdomo kwa tarakimu moja.

Kwa hiyo si ajabu kwamba naipima kwa uangalifu kila ruhusa inayoongezwa. Katika toleo la 1.10, la mwaka 2016, Django iliruhusu mtoto kubadilisha uga aliourithi kwa mzazi wa dhahania, yaani modeli isiyo na jedwali lake yenyewe, na ruhusa hiyo naiunga mkono, kwa kuwa hapo safu ni moja tu, nayo ni ya mtoto. Ninalolilalamikia ni kwamba mtoto akiwarithi wazazi wawili wa dhahania wenye uga wa jina moja, kiunzi humfuata yule aliyetajwa kwanza, na uga wa yule wa pili huachwa kimya kimya. Mpangilio wa majina katika mstari mmoja wa msimbo si wasia, nami ningependa mahali hapo nako kiunzi kisimame kiulize. Ikiwa wazazi wote wawili wana majedwali, na kila mmoja ana ule uga wa id ambao kiunzi hujiongezea chenyewe, Django hutangaza kosa, na huko ndiko kutenda haki.

Rails nayo, kiunzi cha lugha ya Ruby, inapoweka mzazi na watoto katika jedwali moja, hulishika neno la Kiingereza "type" liwe safu ya kuwatambulisha, hata mwenye jedwali la kale lililokuwa na safu ya jina hilo kwa maana nyingine hujikuta akigombana na kiunzi mpaka akiambie kitumie safu tofauti. Aliyeiita safu yake "aina", au afadhali "aina_ya_zao", hayamfiki hayo, na hii ni sababu moja miongoni mwa nyingi za kuwahimiza vijana wetu wazipe nyuga zao majina ya Kiswahili kilichonyooka.

Dawa, kwa kweli, tunayo tangu zamani. Mzazi wa dhahania anapokuwa na uga unaoelekeza kwenye modeli nyingine, jina la kurudia kutoka huko, mtengenezaji akiliandika yeye mwenyewe, hugongana kwa kila mtoto anayelirithi, na Django hutaka jina hilo liachiwe nafasi ya kujazwa jina la mtoto mwenyewe, na la programu anamotoka. Hiyo ni bin, kwa hati nyingine.

Katika ushirika ule tuliziita nyuga namba_ya_kitambulisho na namba_ya_uanachama. Kiunzi kiliuliza kama uga wa kale umebadilishwa jina tu, na tulijibu ndiyo kwa hadhari, kwani kujibu la kungeifuta safu ya kale pamoja na yote yaliyomo, na kuunda mpya iliyo tupu. Kazi hiyo ilikwisha kabla ya adhuhuri. Kusahihisha yaliyokwisha kuandikwa kulichukua siku nyingi, karani akisoma kadi ya karatasi na mimi nikitazama skrini, jina kwa jina. Katika kijiji kimoja tulikuta kadi mbili za mabibi wawili walio somo, na kila mmoja alikuwa ameandikiwa namba ya mwenziwe. Tukawatenganisha kwa majina ya baba zao.