Kuta Zetu Zimekuwa Mabango ya Wengine

Nilishika brashi enzi ambazo bucha haikufunguliwa Kibwezi kabla ng'ombe hajachorwa ukutani. Mwenye bucha alitaka ng'ombe mnene, aliyekodoa macho, na kisu kando yake. Kinyozi alitaka vichwa, kila kimoja na mtindo wake. Mama wa hoteli alitaka kikombe kinachofuka mvuke, na chini yake: muthokoi, chapati, chai. Wote walitaka kazi iishe siku hiyo hiyo.

Sasa shika barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, ile iliyotiwa lami miaka ya karibuni kupitia Ikutha na Mutomo. Sokoni unakuta maduka yamepakwa kijani au nyekundu kutoka msingi hadi paa: kampuni za simu, za saruji, za unga, hata za rangi yenyewe. Jina la mwenye duka limebanwa pembeni kwa herufi ndogo. Ukimwambia mgeni ashukie kwenye duka la kijani, umempoteza.

Mwenye duka simlaumu. Rangi ya mafuta ni ghali, jua la Ukambani huibabua, na kijana anayekuja na gari la kampuni haombi hata shilingi. Ningekuwa na duka, labda ningekubali pia. Ninayemdai ni kampuni. Inapata tangazo la ukubwa wa nyumba, kando ya barabara, kwa bei ya makopo machache ya rangi. Ingetaka bango la ukubwa huo Nairobi, ingelipa kodi kila mwezi.

Wako wanaosema kazi yetu haikuwa sanaa, ilikuwa kibarua. Ajabu ni kwamba Wakamba tunasifiwa kwa mikono. Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi na ufundi wa kuchonga kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akawafunza wenzake, na leo twiga wa mbao amejaa maduka ya watalii. Twiga hununuliwa na mgeni, basi ni sanaa. Ng'ombe wangu hutazamwa na mtu wa Emali anayetaka robo kilo, basi ni tangazo tu.

Aliyewahi kuandika ukutani anajua. Uzi uliopakwa chaki hushikwa na watu wawili, ukavutwa, ukaachiliwa, mstari ukabaki. Halafu zinaanza herufi. S ndiyo humwumbua mwanagenzi: tumbo la juu lisipokuwa dogo kidogo kuliko la chini, neno zima linaonekana linataka kuanguka. Hayo hufunzwa kwa kusimama nyuma ya fundi na kumshikia kopo, na vijana wa kushika kopo wamekwisha. Wanaotaka bango siku hizi huagiza la plastiki, lichapishwe kwa mashine na kufungwa kwa waya. Kabla ya mwaka kwisha upepo umelichana.

Nairobi wameona serikali inavyoweza kuizima au kuiwasha kazi hii. Kanuni za 2004 za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilileta mstari wa manjano kwenye matatu, na michoro ikafutwa. Uhuru Kenyatta alipokuwa rais ikaruhusiwa tena, na leo nganya za Rongai, zile matatu zilizojaa michoro, hupigwa picha kuliko wanasiasa.

Kaunti zetu hutoza ada za matangazo, kwa hiyo njia ya kurekebisha ipo tayari. Mswada wa fedha ukiletwa kwa wananchi mjini Wote na mjini Kitui, nina maombi mawili. Jina la duka lililoandikwa kwa mkono kwenye ukuta wa mwenyewe lisitozwe chochote. Na kampuni inayopaka nyumba nzima rangi yake itozwe kwa nyumba nzima, si kwa ile nembo tu, kisha sehemu ya pesa hizo aipate mwenye ukuta.