Ufadhili Hauanzi Kidato cha Sita

Kila mwaka NECTA ikitangaza matokeo ya kidato cha sita, vijana wetu wa Musoma, Bunda na Butiama wanauliza swali lile lile: kaka, ufadhili wa chuo unapatikanaje? Jibu la haraka ni "faulu sana sayansi." Jibu la kweli linauma zaidi. Anayeanza kuuliza baada ya matokeo ameshachelewa miaka.

Chukua Samia Scholarship. Serikali iliuanzisha mwaka wa masomo 2022/23 kwa kutenga shilingi bilioni 3, kwa ajili ya waliofaulu zaidi tahasusi za sayansi kidato cha sita, wakasome sayansi, uhandisi au tiba. Huo si mkopo, haurudishwi. Ni jambo jema, na hatutalibeza eti kwa sababu limeletwa na serikali ya CCM. Ila fedha ni za mlipa kodi, akiwemo mama anayeuza dagaa Mwigobero, hata kama jina lililobandikwa ni la Rais. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza: mbio hizi wote tunaanzia mstari mmoja?

Hapa kwetu mfano tunao. Mwalimu Nyerere alitoka Butiama mwaka 1934 kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, akalala bweni. Mwaka 1937 akaingia Tabora, 1943 Makerere, na 1949 akapelekwa Edinburgh kwa ufadhili. Tunapenda kusema alikuwa na akili, na kweli alikuwa nazo. Lakini pia alikuwa mtoto wa Chifu Burito, akapata bweni na walimu tangu mwanzo. Akili peke yake haikumfikisha Edinburgh. Watoto wangapi wa Kiabakari wa rika lake walikuwa na akili wakabaki kuchunga?

Sasa tazama shule zetu za kata. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi wakachangishwa. Mwenye mbuzi akauza mbuzi. Majengo yalisimama sehemu nyingi, lakini swali letu ni la ndani ya jengo: kuna vifaa? Kuna mwalimu wa fizikia? Mtoto wa Nyamuswa au Kibara asiye na mwalimu wa hesabu kidato cha pili hawezi kuja kushindana kidato cha sita na aliyesoma shule yenye kila kitu. Ukweli ni kwamba ufadhili keshaukosa, na hajui.

Mdogo wangu unayesoma hapa, usikae kusubiri serikali ibadilike. Ukiikimbia fizikia kidato cha tatu kwa sababu "ni ngumu," PCM na PCB umezifunga kwa mkono wako. Kama mwalimu hayupo, tafuteni kaka au dada aliyemaliza, mkae Jumamosi mkokotoe. Na cheti cha kuzaliwa kishughulikie leo. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, na jina likitofautiana na la cheti cha kidato cha nne, utazunguka maofisini wakati wenzako wameshaomba. Usiweke matumaini yote kwenye ufadhili pia. Wanaoupata ni wachache, kwa hiyo andaa maombi ya mkopo sambamba.

Kwa viongozi wetu wa matawi: tusiishie kuposti pongezi kwa waliofaulu. Kila tawi liwatafute waliosoma sayansi kwenye kata yake, liwaombe saa mbili tu kwa wiki. Haihitaji kibali cha mkutano wa hadhara.

Na kwa serikali, madai yetu ni matatu. Halmashauri zibandike hadharani idadi ya walimu wa hesabu na fizikia kwa kila shule. Ufadhili huu uwekwe kwenye sheria, usitegemee nani yuko Ikulu. Na kila mwaka tuambiwe wanufaika wangapi walitoka shule za kata.

Kama idadi hiyo ni nzuri, itangazeni tuwapongeze. Kama ni aibu, basi pelekeni walimu Bunda kabla ya kutafuta tena picha ya kukabidhi hundi.