Neno kwa Jamaa: Mulima Usio na Nguo



Mwezi huu tunajibu ulizo moja lenye limetufikia kwa njia nyingi, kwa barua, kwa simu, na kwa vinywa vya wamama kisha ibada: "Pasta, mvua imekuwa namna gani?" Mama mumoja mulimaji anasema alipanda maharagi mwezi wa tisa, sawa vile mama yake alimufundisha, jua likayachoma. Akapanda tena, mvua ikayaozesha. Kijana mumoja muchimbaji anauliza kama mulima unapoangukia watu shimoni ni Mungu anatuazibu. Na kuko wenye hawaulizi kitu, maana wao wamekwisha kupata jibu: muzee fulani wa kijiji "alifunga mvua".

Tuanze na huyo muzee.

HAKUNA MUTU ANAYEFUNGA MVUA

Wandugu, hakuna muzee mwenye kamba ya kufunga wingu, wala mama mujane mwenye kutuma radi. Mvua ikikawia kwenu, inakawia pia katika vijiji vya mbali vyenye watu hawajasikia hata jina la muzee wenu. Ukisikia vijana wanapanga kwenda kumutoa nyumbani usiku, usibaki kimya. Mwite mukubwa wa kijiji, waite wazee wa kanisa, nendeni musimame mulangoni pake. Damu ya mutu haijapata kuleta mvua hata siku moja.

Na je, ni Mungu anatuazibu? Tukumbuke mambo ya karibu yetu. Siku ya Yenga, tarehe 2 mwezi wa 4 mwaka 2023, kule Bulwa katika teritware ya Masisi, wamama na watoto walikuwa kwenye kijito chini ya mulima, wanafua nguo na kuoga. Udongo ukateremuka juu yao, watu karibu 20 wakafa. Mwezi mumoja kisha, tarehe 4 mwezi wa 5, mvua kubwa ilipiga Kalehe, jirani yetu wa kusini. Ilikuwa siku ya soko pale Nyamukubi. Maji na mawe yakafunika Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Nani atathubutu kusema wale wamama wenye vitunga vya mihogo walikuwa na zambi kuliko sisi tuliobaki? Bwana Yesu mwenyewe alitaja watu walioangukiwa na munara wa Siloamu, naye akakataa wazo hilo. Sisi pia tulikatae.

Lakini kukataa jibu la uongo haitoshi. Tutafute la kweli.

KITU GANI KINABADILIKA?

Tangu miaka zaidi ya 150, inchi za viwanda zinachoma makaa ya mawe, mazuti na esansi bila kupumuzika. Moshi wake unabaki hewani na kufunika dunia sawa blanketi. Joto la dunia limekwisha kupanda zaidi ya digri moja, na mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa.

Digri moja unaona ni kidogo? Sikia. Hewa yenye joto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi: kwa kila digri moja inaongeza karibu sehemu 7 kwa 100. Ni sawa nguo nzito. Inakunywa maji mengi, inakawia kutona, na siku unaikamua yote yanatoka mara moja. Ndiyo maana jua linakauka sana, kisha mvua inakuja na hasira. Na kule milimani, ambapo baridi ilikuwa inamuzuia mbu wa malaria, joto linamufungulia njia ya kupanda.

Katika moshi huo sehemu yetu ni ndogo sana. Afrika yote pamoja inatoa karibu 4 kwa 100. Deni si letu, lakini mwenye kudai amebisha kwetu kwanza.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Mwaka 2023 wataalamu wa inchi mbalimbali walichunguza ile mvua ya Kalehe, wapate kujua kama joto la dunia ndilo liliiongezea nguvu. Wakashindwa kutoa jibu. Juu ya nini? Juu vipimo vya mvua katika eneo letu ni vichache sana. Watu wetu walikufa kwa mvua yenye karibu hakuna mutu aliyeiandika. Neno hili tulishike, tutalirudilia.

MVUA MOJA, MILIMA MIWILI

Wakati mvua ya namna moja inanyesha juu ya milima miwili, mumoja wenye miti na mumoja mutupu, haifanye kazi moja. Kwenye miti, matone yanavunjika juu ya majani, yanaanguka polepole juu ya majani makavu, yanaingia ndani ya udongo, na mizizi inaushika ule udongo sawa vidole. Kwenye mulima mutupu, matone yanapiga udongo sawa nyundo. Maji yanakimbia, yanachimba, yanabeba shamba na mawe, na kila kitu kinamushukia mutu aliyejenga chini.

Fanya hesabu kidogo. Milimetre 50 za mvua ni litre 50 kwa kila metre moja ya mraba. Kwa hektari moja ni litre 500 000, ni kusema mapipa 2 500 ya litre 200. Hayo yote juu ya shamba moja tu, kwa saa chache. Nani atayazuia kama hakuna muti, hakuna fosi, hakuna majani?

Milima mingi ya Masisi ilikuwa imevaa musitu na mianzi. Leo imevaa malisho, mashamba na mashimo. Sababu ni nyingi: watu wameongezeka, udongo haukuongezeka, makala na mbao zinaitwa na soko la Goma. Vita navyo, tangu miaka ya 1990 mpaka leo, vinasukuma watu kutoka kilima hiki mpaka kile. Mama mwenye kukimbia na watoto, akikata muti mudogo apate kusimika kibanda, hatumuhukumu. Lakini mulima haujui kama aliyeuvua nguo alikuwa mukimbizi ao tajiri. Mvua ikija, unaanguka tu.

Na kwenye mashimo ni vibaya zaidi. Rubaya, kwenye koltani yenye inaingia katika simu za dunia nzima, mulima umetobolewa pande zote. Tarehe 28 mwezi wa 1 mwaka 2026, katika wakati wa mvua, udongo uliolegea ulianguka. Ilitangazwa kwamba waliokufa ni zaidi ya 200: wachimbaji, watoto, na wamama wenye walikuwa wanauza. Jamaa ngapi zilipoteza siku moja baba, mutoto na sufuria ya kuuzia chakula?

MASISI NA WALIKALE WANALISHANA

Wandugu wa Walikale watasema: "Hiyo ni shida ya Masisi. Kwetu musitu uko mwingi." Hapana. Tazameni muto Oso. Unateremuka kutoka milima ya Masisi, unafika Walikale, maji yake yanaingia katika Lowa, na Lowa inakwenda mpaka Lualaba. Udongo wenye unapotea Masisi unapita mulangoni penu, na muto ukijaa huku juu, ninyi wa chini munauona.

Na Walikale inarudisha kitu Masisi. Musitu mukubwa unakunywa maji kwa mizizi na kuyatoa hewani kwa majani, yanakuwa mawingu. Sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Kongo inatoka kwa musitu wenyewe. Ukikata musitu wa Walikale, unakata pia maharagi ya Masisi.

Musitu huo una walimaji wake. Gorila wa kwetu, anayeitwa gorila wa Grauer, haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria kwamba wamebaki karibu 6 800. Yeye, tembo na sokwe wanakula matunda, wanatembea, wanaacha mbegu mbali, na miti inaota. Kambi ya wachimbaji ikifunguliwa msituni, nyama zinawindwa kwa kulisha kambi. Miti iliyosimama inabaki, lakini mwenye kuipanda amekwisha kuliwa.

TUFANYE NINI?

Kijana atasema: "Pasta, niache shimo, nitakula nini?" Hatukuambii uache kazi leo. Tunakuambia haya:

1. Shimoni. Kisha mvua kubwa, usiingie. Mulima hauanguke kila mara wakati mvua inanyesha. Unaweza kungojea siku ya jua. Ukiona nyufa juu ya kilima, miti inayoinama, ao maji ya matope yanayotoka mahali papya, toka na uwatoe wenzako. PDG anayekusukuma chini siku kama hiyo hatakulelea watoto. Na wewe dada, usiweke sufuria yako kwenye mudomo wa shimo ukiwa na mutoto mugongoni.

2. Nyumbani. Usijenge katika njia ya maji, hata kama imekauka miaka kumi. Maji hayasahau njia. Jamaa ipatane mbele: usiku mvua ikizidi tunakimbilia wapi, na nani atamubeba bibi? Na hili mulishike sana: mvua ikiwa inanyesha na kijito kikapunguka kwa rafla, musifurahi. Udongo umekifunga kule juu. Kimbieni mara moja mupande pembeni, mbali na kijito.

3. Shambani. Chimbeni mafosi ya kukata kilima, pandeni matete kwenye kingo zake, na grevilea katikati ya mashamba. Wazee wetu walichukia mafosi kwa sababu ya fimbo ya Wabelgiji, na kisha uhuru wengi wakayaacha. Fimbo ndiyo ilikuwa mubaya. Fosi yenyewe ilikuwa inalinda udongo. Okaliptusi ni nzuri kwa makala na mbao, lakini ipandwe mbali na chemchemi, maana inakunywa sana. Tena mama, usitupe mbegu yote kwa mvua ya kwanza. Chunga nusu.

4. Jikoni. Mbabula nzuri yenye kufunikwa na udongo inakula makala kidogo. Lowesha maharagi usiku kuchwa, funika sufuria. Gunia lenye ulikuwa unamaliza kwa mwezi litakawia, na muti mumoja utabaki umesimama.

TUANDIKE MVUA

Sasa turudilie lile neno. Mwaka 2022, kule Misri, inchi za dunia zilikubaliana kuunda mfuko wa kusaidia inchi zinazoharibiwa na hali ya hewa. Ni haki yetu. Lakini anayekwenda kudai anaulizwa: mvua ilikuwa kiasi gani? Mashamba mangapi? Watu wangapi? Tukijibu "mingi sana", watatuhurumia, basi.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia, kila masomo na kila kikundi cha vijana wawe na kipimo cha mvua. Hakiombi franga. Twaa chupa ya plastiki yenye kunyooka, kata kipande cha juu, kigeuze ukiingize ndani, mudomo ukitazama chini. Weka changarawe na maji kidogo mpaka pale chupa inaanza kunyooka. Piga alama, hapo ni sifuri. Gundisha rula kutoka alama hiyo. Isimamishe mahali wazi, mbali na miti na mabati. Kila asubuhi saa moja, soma milimetre, andika katika kaye pamoja na tarehe, kisha mwaga maji yanayopita alama. Siku bila mvua, andika sifuri. Hiyo nayo ni habari. Mulima ukianguka, andikeni mahali, saa, mashamba, na majina ya waliokufa, ili wasizikwe mara mbili, mara moja chini ya udongo na mara ingine chini ya usahaulifu.

Adamu alipowekwa katika bustani, hakupewa kazi ya kuvuna tu. Alipewa pia ulinzi. Mulinzi wa kweli anajua ni kitu gani kiliingia usiku.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Nyumba yetu iko wapi kufatana na njia ya maji? Usiku wa mvua kubwa tutakimbilia wapi?
2. Papa na mama, ni mulima gani ulikuwa na miti wakati wa utoto wenu? Ni nani anaweza kuuvika tena, na kwa miti gani?
3. Vijana, nani atashika kaye ya mvua mwezi huu, na nani atamupokea akisafiri?
4. Kuko mutu katika kijiji anayesingiziwa juu ya mvua ao radi? Jamaa yetu itamulinda namna gani?

Mungu awalinde na kuwapa mvua ya kiasi.

Pasta wenu