Chai ya Saa Nne na Jasho la Mkulima

Ikifika saa nne asubuhi, kazi husimama kidogo katika ofisi nyingi za umma, na shuleni kengele ya mapumziko hulia. Wahudumu hupita na chupa za maji ya moto, vikombe hupangwa mezani, na mazungumzo ya mafaili na madaftari huyapisha mazungumzo ya nyumbani. Saa hiyo haina ubaya wowote. Mtumishi aliyeondoka kwake alfajiri, akasimama ndani ya basi mwendo mrefu kabla ya kufika kazini, anastahili kikombe chake. Linalofaa kuulizwa ni kile kilichomo kikombeni, na ni nani anayefaidika nacho.

Mgeni akifika nyumbani kwa mwalimu siku ambayo maziwa yamekwisha, mwenyeji humwomba radhi kabla ya kumimina chai ya rangi, kana kwamba ametenda kosa. Mgeni huyo huyo akifika katika ofisi ya mkubwa, huenda akaletewa maji ya moto pamoja na kasha maridadi lililotoka ng'ambo, lenye picha ya tunda na maneno yanayothibitisha kwamba ladha yake ni asilia. Hiyo nayo ni chai ya rangi, haina hata tone la maziwa. Lakini hapo hakuna anayeomba radhi. Mwenyeji huona fahari na mgeni hujiona ameheshimiwa.

Tofauti ya vikombe hivyo viwili haimo katika jani. Imo vichwani. Hiyo ndiyo kasumba ambayo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikusudia kuing'oa, nayo bado ina mizizi katika mambo madogo ambayo hakuna anayeyatolea hotuba. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Yafaa kwanza kueleza kasha hilo lina nini. Chai nyeusi hutengenezwa kwa majani mabichi ambayo hunyaushwa, yakakatwakatwa au kusokotwa, kisha yakaachwa yachachuke. Uchachu huo si kama wa pombe. Ni utomvu wa jani unaokutana na hewa na kubadilika rangi na harufu. Baada ya hapo majani hukaushwa kwa moto na kuchambuliwa kwa madaraja. Jani lililokaushwa hivyo lina tabia moja ambayo kila mama wa nyumbani anaijua: hunasa upesi harufu ya kitu kilicho karibu nalo. Likiwekwa kabatini kando ya sabuni, hunuka sabuni. Wafanyabiashara wa ng'ambo waliijua tabia hiyo zamani, wakaigeuza kuwa mali.

Mfano ulio mashuhuri kupita yote ni chai iitwayo Earl Grey, yenye jina la Charles Grey, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia mwaka 1830 hadi 1834. Chai hiyo hutiwa mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa zaidi katika jimbo la Calabria, kusini mwa Italia. Jani likatoka mbali, tunda likatoka Italia, na jina likatoka Uingereza. Bei kubwa imo katika jina.

Ama neno "asilia" lililoandikwa juu ya makasha, nalo lina mipaka yake. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2008, ladha ikitajwa kuwa ni ya asili ya ndimu, kwa mfano, basi angalau sehemu 95 katika 100 za kionjo hicho lazima zitokane na ndimu yenyewe. Lakini ikiandikwa tu kwamba kionjo ni cha asili, bila kutajwa chanzo, huweza kutokana na mmea mwingine kabisa. Picha ya tunda juu ya kasha si lazima iwe tunda lililomo ndani. Msomaji aliyezoea kupima maneno ya waraka wa serikali hana budi kuyapima na maneno ya kasha hali kadhalika.

Mtanzania hana haja ya kupima maneno ili aijue ladha ya asili. Tangawizi hulimwa Same, katika milima ya Upare, na Kigoma pia. Iliki hulimwa katika Usambara ya Mashariki na katika milima ya Morogoro. Mdalasini hupatikana Muheza na Unguja. Karafuu ni mali ya Zanzibar, na sehemu kubwa yake hutoka Pemba. Mchaichai huota nyuma ya nyumba bila kuombwa. Kila kimoja kinaonekana kwa macho kabla ya kuingia birikani, na hakuna anayehitaji kusoma maandishi madogo.

Kukipika kikombe cha namna hiyo ni ustadi, na si kila birika hupata haki yake. Tangawizi iliyopondwa na kijiti cha mdalasini hutangulia majini tangu yakiwa baridi, kwa sababu ukali wa tangawizi na utamu wa mdalasini hutoka polepole. Karafuu hutiwa moja au mbili tu. Mafuta yake ni yale yale yanayotuliza maumivu ya jino, na yakizidi hutia ganzi ulimi hata mtu asionje kingine. Iliki hupasuliwa na kutiwa mwishoni, maana harufu yake ni nyepesi na hukimbia na mvuke. Mchaichai nao hungoja hadi birika linakaribia kuepuliwa, kisha kifuniko hurudishwa.

Majani ya chai huja baada ya yote. Chai ya maziwa huvumilia kuchemshwa kwa muda mrefu, kwani maziwa hupunguza makali. Chai ya rangi haivumilii. Majani yakitokota sana hutoa ukakasi unaokausha kinywa, na hapo ndipo mnywaji hulaumu jani kwa kosa la mpishi. Birika lishushwe motoni, majani yatiwe, lifunikwe kwa dakika 3 hadi 5, kisha chai ichujwe. Ikipikwa vema huwa nyekundu inayong'aa, na harufu yake hufika mlangoni kabla ya mhudumu. Kijiko kimoja cha sukari kinatosha. Vijiko vinne huzika kila kilichotiwa, na mnywaji hubaki akinywa sukari ya moto.

Raha hiyo haina ubaguzi. Inampata mwalimu mkuu na mlinzi wa lango kwa kiasi kilekile, na gharama yake kwa birika la watu kumi haimwogopeshi mhasibu. Lakini jambo hili lina uzito zaidi ya raha, nao uzito huo uko shambani.

Chai ililetwa katika nchi hii na Wajerumani, waliyoipanda katika kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, na huko Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926, wakati wa Waingereza. Kwa miaka mingi chai ilikuwa zao la mashamba makubwa, ambamo Mwafrika aliingia akiwa kibarua. Baada ya Uhuru ndipo wakulima wadogo walipotiwa moyo wa kulima chai yao wenyewe, na mwaka 1968 Mamlaka ya Chai ikaundwa kuwahudumia. Leo familia nyingi za Rungwe, Njombe, Mufindi, Lushoto na Kagera hulipa ada za shule kwa jani hilo.

Mchumaji huingia shambani na kikapu mgongoni wakati umande haujakauka. Huchuma majani mawili na chipukizi, na akichuma jani kubwa lililokomaa huharibu daraja la mzigo wote. Majani hayo lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Lori likikwama kwenye tope, majani hupata joto ndani ya magunia na kuungua, na jasho la siku nzima humwagwa kando ya barabara.

Sasa na ifanywe hesabu ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Kiwandani, kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa takriban kilo 1 ya chai iliyokaushwa. Kasha la pakiti 25, kila moja ikiwa na gramu 2, lina gramu 50 za chai. Basi kasha zima limetumia majani mabichi yasiyozidi robo kilo. Malipo ya mkulima, popote alipo duniani, yamo katika robo kilo hiyo. Kila kilichoongezwa baadaye, yaani kionjo, karatasi, uzi, picha na jina, kimelipiwa kwingine na kumfaidi mwingine.

Sehemu kubwa ya chai ya Tanzania huuzwa nje, na kwa miaka mingi ilipitia katika mnada ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka 1969. Huko huuzwa kwa magunia, ikachanganywa na chai za nchi nyingine hata ikapoteza jina lake. Mwaka 2023 mnada ulianza Dar es Salaam, nayo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, mnada hubadilisha mahali pa kuuzia gunia. Hauligeuzi gunia kuwa kasha. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya chai methali hiyo haitoshi. Chema kisicho na jina huuzwa na mwingine kwa jina lake.

Hapana budi kusema ukweli kwa pande zote. Mgeni aliyetia bergamoti ndani ya chai hakuiba kitu. Alitumia akili na bidii. Wenye viwanda vya nyumbani nao wana deni. Mnunuzi akikuta pakiti imejaa vumbi, au unga wa viungo uliokaa dukani hadi umekuwa kama majivu, au uliochanganywa na vitu visivyojulikana, hawezi kuambiwa aunywe kwa ajili ya uzalendo. Uzalendo si ruhusa ya kuuza takataka. Hali kadhalika, iliki ya Usambara haina budi kulimwa bila kuumaliza msitu unaoipa kivuli, la sivyo watoto watairithi harufu katika hadithi tu.

Lakini kiwanda hakiwezi kuboresha kisichonunuliwa. Mnunuzi wa kwanza ambaye kiwanda cha nyumbani kina haki ya kumtegemea ni ofisi ya umma. Fedha inayonunua chai ya mkutano wa idara ni fedha ya wananchi, na miongoni mwa wananchi hao yumo mchumaji wa Rungwe na mkulima wa tangawizi wa Same. Ni kinyume cha haki kodi yao itumike kununua ladha ya tunda lisilolimwa nchini, hali jani lao na mzizi wao viko sokoni hatua chache kutoka lango la wizara.

Lugha nayo inadai haki. Neno chai, ambalo kwa Mswahili ni ukarimu, limegeuzwa kuwa jina la bandia la rushwa. Mwananchi aliyekwenda kufuata hati yake huambiwa "toa chai", na anayesema hivyo hajui, au hajali, kwamba anamtukana yule mchumaji wa alfajiri. Mtumishi anayeheshimu chai ya kweli mezani pake na aanze kwa kuikataa ile ya uongo chini ya meza. Chama kilipokataza rushwa katika ahadi za mwanachama hakikuacha nafasi kwa jina la upole.

Walimu wana sehemu yao, tena kubwa. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka huo huo wa 1967, ilitaka shule iwe na shamba na mwanafunzi aelewe kazi ya mikono yake. Tuta moja la mchaichai na jingine la tangawizi kando ya darasa havihitaji bajeti wala semina. Mwanafunzi atajifunza hapo sayansi ya mmea, kemia ya harufu, hesabu ya robo kilo na historia ya Amani na Kyimbila. Naye mwalimu wake atapata, saa nne ikifika, birika ambalo halikuagizwa kutoka popote.

Mabadiliko haya hayangoji kamati. Mkuu wa idara aweza kuyaanza Jumatatu kwa kumwambia mhudumu anunue majani ya nyumbani, tangawizi mbichi na iliki, na ayapike kwa utaratibu. Mwenyeji aweza kuyaanza jioni ya leo, kwa kummiminia mgeni chai ya rangi yenye viungo pasipo kumwomba radhi. Mkataa kwao mtumwa. Siku kikombe hicho kitakapowekwa mbele ya waziri na mbele ya tarishi kwa fahari ileile, mkulima wa chai atakuwa amepata soko lisilotegemea kengele ya mnada wowote.