Mfamasia si mhesabu vidonge

Ipo imani iliyokita mizizi kuanzia Dodoma mjini hadi zahanati za Bahi na Manyoni: daktari ndiye anayetibu, mfamasia anatoa tu kilichoandikwa. Kwa imani hiyo, mfamasia bora ni mwenye mkono mwepesi. Akimuuliza mgonjwa anatumia dawa gani nyingine, foleni inanung'unika. Akimpigia daktari simu kuhusu cheti, wapo watakaosema anajipa madaraka yasiyo yake. Imani hiyo si sahihi, na wanaoilipia ni wagonjwa.

Tuitendee haki kwanza. Daktari ndiye aliyempima mgonjwa, akaona majibu ya maabara na kufanya uamuzi atakaouwajibikia. Mfamasia hakumpima. Isitoshe, asubuhi ya siku ya kliniki dirisha la dawa hujaa watu waliotoka mbali, na maswali huchukua muda. Hayo yote ni kweli. Lakini yanathibitisha jambo moja tu, kwamba daktari anaujua ugonjwa ulio mbele yake. Hayathibitishi kwamba anazijua dawa zote zilizomo mwilini mwa mgonjwa huyo.

Mkazi wa kijijini Chamwino mwenye maradhi zaidi ya moja hatibiwi mahali pamoja. Dawa za presha anachukua kituo cha afya, za kifafa anaandikiwa Hospitali ya Mirembe, za homa ananunua kwenye duka la dawa muhimu karibu na nyumbani, na mizizi anapewa na mganga wa jadi. Akipata rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa anaongezewa nyingine. Kila aliyemhudumia anaweza kuwa amefanya kazi yake sawasawa, na bado dawa zikagongana, kwa sababu hakuna aliyeziona zote kwa pamoja.

Chukua kijana mwenye kifafa anayetumia karbamazepini. Anapata maambukizi ya kifua, zahanati inamwandikia erithromaisini. Dawa hii mpya inalizuia ini lisiivunje karbamazepini, na kiasi chake katika damu kinapanda. Kijana anaanza kuona vitu viwiliviwili, kupepesuka na kusinzia. Nyumbani watadhani amelewa au ugonjwa umezidi. Swali moja dirishani, "Kuna dawa unayomeza kila siku?", lingetosha kumfanya mfamasia aombe antibayotiki nyingine.

Nyanda za kati ni nchi ya mifugo, na maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuleta brusela, ule ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe na mbuzi, na ambao kwa binadamu huleta homa isiyoisha na maumivu ya viungo. Tiba yake inayotumika sana ni doksisaiklini pamoja na rifampisini kwa wiki 6. Cheti cha namna hiyo hakina kosa. Ila rifampisini hulichochea ini livunje dawa nyingi kwa kasi, zikiwemo homoni za uzazi wa mpango, za vidonge na za vijiti. Mama aliyewekewa kijiti kwenye kliniki nyingine anaweza kushika mimba akiamini amekingwa, tena akiwa anameza doksisaiklini, dawa isiyofaa kwa mjamzito. Na kama anameza pia vidonge vya kuongeza damu, madini ya chuma huishika doksisaiklini tumboni, kiasi kikubwa kikapita bila kuingia katika damu. Hapa mfamasia hafuti dawa hata moja. Anamshauri mama atumie kondomu muda wote wa dozi na wiki 4 baada ya kumaliza, na anampangia saa za kumeza ili vidonge vya damu visikutane na doksisaiklini.

Wanaoichukulia simu ya mfamasia kama tuhuma dhidi ya daktari wanadhani kila mgongano wa dawa ni kosa la aliyeandika. Mara nyingi sivyo. Anayeishi na VVU akiugua kifua kikuu huhitaji rifampisini, na huku anaendelea na dawa za VVU zenye dolutegraviri. Rifampisini huipunguza dolutegraviri mwilini. Dawa zote mbili zinahitajika, kwa hiyo mgonjwa huongezewa kidonge cha dolutegraviri cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kawaida. Mgongano upo palepale, lakini umejulikana na kusawazishwa. Kazi ya mfamasia ni kuhakikisha kidonge hicho cha pili hakisahauliki, na mgonjwa anaelewa kwa nini anakimeza.

Kuutambua mgongano kunahitaji kujua dawa hukutania wapi. Nyingine hukutana kabla hata ya kuingia mwilini: seftriaksoni ikichanganywa na dripu yenye kalisi, kama Ringer's lactate, huweza kufanya chembe ngumu, na kwa mtoto mchanga chembe hizo zinaweza kuua. Nyingine hukutana kwenye figo: mzee wa presha anayetumia enalaprili na dawa ya kukojosha, akijinunulia diklofenaki kwa ajili ya mgongo, anaziweka figo zake hatarini. Na mara nyingine tatizo ni kipimo tu. Mjamzito anayepewa SP kujikinga na malaria anaweza kumeza foliki asidi ya miligramu 0.4 kwa siku bila shida, lakini ile ya miligramu 5 huidhoofisha SP. Anayehesabu vidonge bila kusoma kipimo hawezi kuiona tofauti hiyo.

Wapo wanaosema kompyuta zitamaliza tatizo hili. Zitasaidia, na ziletwe. Lakini kompyuta hujua kilichoingizwa ndani yake. Haijui mizizi wala diklofenaki ya dukani. Pia onyo peke yake halitoshi. Marekani, terfenadini, dawa ya mzio, ilivuruga mapigo ya moyo ilipotumiwa pamoja na ketokonazoli au erithromaisini. Onyo kali liliwekwa mwaka 1992, lakini dawa hizo ziliendelea kuandikwa pamoja, hata terfenadini ikaondolewa sokoni mwaka 1998. Nchi yenye madaktari wengi na maandishi mengi ilishindwa kwa sababu onyo halikumfikia mgonjwa kwa wakati. Panahitajika mtu wa kupima ni mgongano upi unataka dawa ibadilishwe, upi unataka saa zitenganishwe, na upi unaweza kuachwa.

Je, foleni? Si kila mgonjwa anahitaji mahojiano marefu. Mfamasia mwenye uzoefu huanza na wazee wenye dawa nyingi, wajawazito, watoto wachanga, wenye kifua kikuu, kifafa, VVU au figo dhaifu. Kwa hao, maswali matatu yanatosha kuanzia: unatumia dawa gani nyingine, umenunua nini dukani, na umepewa nini na mganga? Dakika zinazotumika hapo ni chache kuliko siku za kulazwa mtu aliyedhurika na dawa zake mwenyewe.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 ililipa Baraza la Famasi jukumu la kusimamia taaluma hii. Taaluma inayosimamiwa kisheria haikuwekwa dirishani kwa ajili ya kuhesabu tu. Basi hospitali zetu ziandike namba ya simu ya daktari kwenye cheti, ziwapeleke wafamasia wodini pamoja na madaktari, na zitunze kumbukumbu za kila mgongano uliozuiwa. Watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu nao wapewe orodha fupi ya dawa zinazopaswa kuwafanya wasite na kumrudisha mgonjwa kituoni. Daktari anayepigiwa simu na mfamasia ajue kuwa mgonjwa wake ameongezewa ulinzi.

Nawe msomaji, siku utakayokwenda hospitali, beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, za kliniki, za dukani na za mizizi, uziweke mbele ya mfamasia. Akikuuliza, mjibu bila kuficha. Asipokuuliza, muulize wewe kama zinaweza kutumika pamoja. Ni haki yako kujibiwa.