Muulizeni Kwanza Kama Anahesabu Siku

Huko Bukene, wilayani Nzega, kwenye njia ya reli iendayo Mwanza, msimu wa mpunga ndio msimu wa mbu. Mwanamke huamka na homa, hupimwa malaria, akarudi nyumbani na mseto, paracetamoli, na pengine vidonge vya mafua. Ni sawa kabisa. Lakini iwapo mwanamke huyo hupanga uzazi kwa kutazama dalili za mwili wake, vipimo vyake vimekwisha kuvurugika, na hakuna aliyemwambia.

Baada ya yai kutoka, joto la alfajiri hupanda kidogo mno, yapata nyuzi 0.2 hadi 0.5. Homa hulipandisha kupita hapo, paracetamoli hulishusha tena. Vipimo vya siku hizo visisomwe. Dawa za mafua na mzio, kama klofeniramini, hukausha kamasi ya puani, na zaweza kuukausha ute wa uzazi vilevile. Mwanamke huona ukavu akadhani amesalimika, kumbe yai li karibu. Tembe za fangasi za kuweka ukeni nazo huacha majimaji yanayouficha ute huo.

Ziko zinazoligusa yai lenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi huzitafuna kama karanga kwa sababu ya mgongo wa shambani, zikitumiwa siku kadhaa mfululizo zaweza kulichelewesha au kulizuia lisitoke. Kwa anayetafuta mtoto, hiyo si habari ndogo. Haloperidoli, itumikayo kwa magonjwa ya akili, huongeza homoni ya prolaktini hata hedhi ikakatika, na majirani wakasema amerogwa. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu naye hushika mimba, kwa wastani, miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho. Katika kipindi hicho kalenda haimsaidii.

Nawalaumu wahudumu wenzangu kabla ya wagonjwa. Tumezoea kuuliza, "Una mimba, mama?" kisha tukaishia hapo. Najua foleni ni ndefu. Najua pia wapo wanaoidharau njia ya kuhesabu siku, na kweli ina upungufu: kanuni ya kujizuia siku ya 8 hadi ya 19 huwafaa tu wenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Hata hivyo wanawake wanaitumia, wengine kwa imani, wengine kwa kuwa mume hataki njia nyingine. Kuwadharau hakuwazuii kupata mimba wasiyoitarajia.

Nawe mama, usiiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya kalenda. Andika jina lake na tarehe kando ya hesabu zako, na siku za ugonjwa zote zihesabu kuwa za hatari: tumieni kondomu au mjizuie hadi mzunguko utulie. Asiyejua kuandika aandikiwe na mhudumu kwenye kadi yake, kabla hajaondoka dirishani.