Njia tulivu tunazo, ramani ndiyo hatuna

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Sababu ni ile ile: kazi ya mteja iliyotakiwa kuisha Ijumaa, halafu Ijumaa iliyofuata, halafu nyingine. Ilipoisha nilipanda matatu hadi Wote, nikaunganisha hadi nyumbani Kathonzweni, nikalala saa kumi na moja mfululizo. Kulipokucha nikatia upepo baiskeli. Kwa hiyo leo ni habari za baiskeli, ingawa nakuonya mapema kwamba kompyuta itarudi kabla hatujamaliza.

Rafiki yangu niliyesoma naye sayansi ya kompyuta sasa anaishi Ufaransa. Mwezi uliopita alinitumia picha za likizo yake: siku sita juu ya baiskeli, mifuko miwili pembeni ya keria, mashamba kushoto na kulia, na hakuna lori hata moja. Chini ya picha ya mwisho aliandika: "Sisi tutapata lini vitu kama hivi?"

Nimelizungusha swali hilo kichwani wiki nzima, na jibu langu ni kwamba tunavyo. Tusichokuwa nacho ni kitu kingine, tena cha bei nafuu zaidi.

Kwanza tuwape Wafaransa haki yao. Njia hizo wanaziita voies vertes, njia za kijani. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1997 kati ya Givry na Cluny, kilomita 44 juu ya tuta la reli iliyokufa. Mwaka 2004 sheria yao ya barabarani ikazitambua rasmi: gari haliingii, baiskeli na watembea kwa miguu ruksa. Zingine zinafuata kingo za mifereji ya zamani, kwa mfano Canal du Midi iliyofunguliwa mwaka 1681, ambako farasi walitembea ukingoni wakivuta mashua. Yaani walichukua miundombinu ambayo kazi yake ya kwanza ilikwisha, wakaipa kazi ya pili.

Lakini chukua njia yao maarufu, La Loire à Vélo, yenye kilomita kama 900 kandokando ya mto Loire. Sehemu kubwa yake si njia maalum ya baiskeli. Ni vijibarabara vya kawaida vya mashambani ambavyo magari ni machache. Walichofanya ni kuvichagua, kuviunganisha na kuweka vibao kila njia panda, ili mgeni ajue kwamba akikata kushoto hatajikuta kwenye barabara kuu ghafla. Utulivu ulikuwepo. Walichoongeza ni habari.

Sasa njoo Kathonzweni. Ukitoka sokoni ukaiacha lami inayotoka Wote kwenda Makindu, ndani ya dakika kumi uko kwenye njia za vumbi za kuelekea upande wa Mavindini au Kitise. Utapita mibuyu, miembe, mashamba ya ndengu na mbaazi, mbuzi wanaovuka bila haraka, na mito ya mchanga ambayo miezi mingi ya mwaka unashuka na kusukuma baiskeli ng'ambo. Jumamosi nilikwenda karibu saa tatu nzima. Nilihesabu magari: Probox mbili na pikipiki tisa. Rafiki yangu amelipa nauli ya ndege kwenda kupata hicho.

Tofauti niliiona jioni. Nilifungua programu ya kutafuta njia kwenye simu, nikachagua alama ya baiskeli, nikaiomba inipeleke sehemu ile ile niliyotoka. Ikanirudisha kwenye lami, mzunguko mrefu, kwenye malori.

Hii si hasira ya kompyuta kwa watu wa Makueni. Programu hizi zimejengwa juu ya wazo lililochapishwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959. Kila kipande cha barabara kina bei, na kompyuta inatafuta mfululizo wenye jumla ndogo kuliko yote. Bei inategemea kilichoandikwa kwenye ramani: ni lami au udongo, laini au mawe, inapitika mwaka mzima au inakatika mvua ikinyesha. Kipande kisicho na maelezo hupewa bei ya wasiwasi. Kipande ambacho hakijachorwa kabisa hakipo. Niliangalia upande wetu kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, nikakuta njia nilizopita ama ni mistari mitupu isiyo na neno lolote, ama hazimo.

Najua utakachosema, kwa sababu shangazi alishanisemea. "Wewe umesoma mpaka ukaanza kutengeneza ramani ya wazungu kutalii?" Hoja yake ni nzito. Huku kwetu baiskeli ni ya kazi. Inabeba mitungi minne ya maji, gunia la maembe, mtoto wa kidato cha kwanza na sanduku lake. Anayetalii kwa baiskeli hapa pengine ni mimi peke yangu.

Lakini nilimjibu kwa kisa anachokijua. Mwaka jana binamu yangu alikuwa akipeleka maji kwa baiskeli kandokando ya lami. Pikapu ikampita karibu mno, kioo cha pembeni kikampiga, akavunjika mkono. Miezi miwili bila kazi. Hatua ishirini kutoka pale aliponguka kuna njia ya vumbi ya siku nyingi inayokwenda sambamba na barabara, ile tuliyokuwa tukipita tukiwa watoto. Mtaro wa maji uliochimbwa wakati wa kujenga barabara uliikata mara tatu, na hakuna aliyeweka hata ubao wa kuvukia. Nina hakika mchoraji wa mtaro hakuwa na ubaya na binamu yangu. Kwenye mchoro wake njia ile haikuwepo, na huwezi kuhifadhi kitu ambacho karatasi yako haikionyeshi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kila lami mpya inayokuja, na mimi naitaka lami kama mtu mwingine yeyote, inafika na gari linalokwenda kasi. Mwenye baiskeli anahitaji ama bega pana la barabara, ama njia ya zamani ibaki wazi pembeni. Ombi la pili ni rahisi kuliko la kwanza, mradi njia hiyo ionekane mapema. Mtalii na mbeba maji wanahitaji data ile ile.

Kuna hoja nyingine dhidi yangu, na hii imeninyima usingizi kuliko ya shangazi. Ni mchanga. Mito yetu ya mchanga ndiyo tangi letu, maji yamejificha chini yake, na malori ya mchanga yamekuwa vita huku kwa miaka mingi, hadi kaunti ikatunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Je, nikichora kila njia inayoshuka mtoni, nimemsaidia mwenye baiskeli au mwenye lori? Wenzangu wa programu huria hupenda kusema kwamba habari zote ziwe wazi. Mimi sikubali tena neno "zote". Njia inayopita katikati ya boma la mtu, au inayoishia kwenye mchanga, si yangu kuitangaza kwa dunia.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni tatu. Moja, nachora njia zinazounganisha mahali na mahali: soko na shule, zahanati na kijiji. Zile zinazoishia mtoni naziacha. Mbili, kila niliyochora naandika uso wake, na kama inavuka mto naandika kwamba inakatika wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Mgeni anayefika mtoni Novemba bila kuonywa hatarudi, na huenda asivuke salama. Tatu, kabla ya kuandika jina la njia nawauliza wazee wa pale, maana wana jina lao na mara nyingi ni tamu kuliko nambari.

Hadi sasa nimemaliza kilomita 31. Ni kidogo. Lakini mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu, wakiwa na vifaa vidogo vya GPS na miguu yao. Sisi tuna simu mfukoni.

Na tusiseme Wakenya hatuna utamaduni wa baiskeli za vumbi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, alifunzwa utotoni na David Kinjah kule Kikuyu. Tangu 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yanaleta waendeshaji wa ng'ambo kuja kula vumbi la Maasai Mara kwa hiari yao. Kama vumbi la Mara lina wageni, la Kathonzweni lina ubaya gani?

Rafiki yangu nimemtumia picha ya mibuyu miwili na baiskeli yangu imeegemea mmoja, tairi la nyuma limekwisha kwa pancha ya mwiba. Nikamwambia akija Desemba nimtafutie baiskeli, ila aje na kiraka na subira.

Wewe uliye Mwingi, Mutomo, Taveta au kwenu popote, wikendi hii chora njia moja tu, ile uliyopita ukienda shule. Kisha kaunti ikiitisha kikao cha wananchi kuhusu barabara, nenda na karatasi yenye mstari huo, uulize mtaro utavukwa wapi.

Mimi kesho nakwenda upande wa Kitise, alfajiri kabla jua halijawa kali. Zilizobaki ni nyingi.